Arkoti, Wilaya Niliyoijua Bila Kufika

Furaha, siku ile ya kuniaga uliponipa daftari jipya ukaniambia, "Mzee Hamisi, andika kila kitu, sisi tutasoma," nilijua hutasoma. Wewe na wenzako mnasoma kitu kikiwa kwenye simu, tena kikiwa kifupi. Hata hivyo nimeandika, kwa sababu tangu nistaafu mke wangu amechoka kuniona nikipanga vijiko vya jikoni kwa kufuata urefu. Alisema nitafute kazi nyingine kabla hajanitafutia yeye.

Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha. Cheo changu kilibadilishwa jina mara nne, na kazi ikabaki ileile ya kufungua droo na kufunga droo. Nitaandika yale ambayo mtu akikaa kwenye kaunta ya chumba cha ramani anatakiwa kuyajua, na kisa kimoja ambacho ninyi mmekisikia vipande vipande kwenye chai, kila mmoja akiongeza chumvi yake.

Nilitoka Tanga nikafikia Johannesburg, mtaa wa Jeppestown, chumba kimoja na Watanzania wenzangu watano, nikawa kibarua kwa fundi aliyetengeneza makabati ya chuma. Siku moja tulipeleka makabati ya droo bapa chuo kikuu, Braamfontein, ghorofa ya tatu ya maktaba. Lifti ilikuwa imekufa. Tulipofikisha la mwisho, tukiwa tumelowa jasho, mama mmoja mfupi aliyevaa sketi ya kijivu na raba nyeupe alitutazama akasema, "Hilo silo la hapo. Hilo ni la ukuta ule." Huyo ndiye Bi Pillay, mkuu wa chumba, mzaliwa wa Durban, Mhindi wa kizazi cha nne ambaye hakuwahi kukanyaga India wala hakuona sababu.

Tulipomaliza aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanga. Akatandika mezani ramani kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki isiyo na jina hata moja, mistari mitupu, akasema, "Nionyeshe." Nikaweka kidole kwa kujiamini kabisa.

"Hapo ni Mombasa," alisema. "Lakini nimeona ulinawa mikono kabla ya kugusa meza yangu. Wenzako hawakunawa."

Wiki iliyofuata nikaitwa kazini. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema alipata kazi kwa elimu yake, mimi nilipata kwa sabuni.

Siku ya kwanza sikuruhusiwa kugusa ramani. Nilifundishwa kufungua droo kwa mikono miwili bila kuitikisa, kushika karatasi kwenye pembe mbili zinazotazamana, na kuilaza bila kuikunja. Nikapewa vifaa vyangu: glasi ya kukuzia, penseli laini, vifuko vinne vya mchanga vya kuzuia karatasi isijikunje, na uzi mweupe wa pamba. Uzi ule ni wa kupimia barabara. Unaulaza juu ya barabara kona kwa kona, halafu unaunyoosha kwenye kipimo cha chini ya ramani. Furaha, ulipoanza kazi uliucheka uzi wangu. Umeme ulipokatika na kompyuta zikazima, nani alikuja kuuazima?

Sasa kuhusu Arkoti. Katika ukuta wa mwisho palikuwa na droo kumi na mbili ambazo hakuna aliyezitaka. Zilitoka kwa mhandisi mmoja wa reli aliyefanya kazi kusini mwa India ujana wake, akaja kufia Johannesburg na masanduku yake. Ndani yake mlikuwa na ramani za wilaya moja tu, Arkoti ya Kaskazini, kila kijiji, kila kisima, kila mti mkubwa wa njiani. Bi Pillay alinipa droo zile kwa sababu nilikuwa mgeni, na mgeni hupewa kazi ambayo wenyeji wameikimbia. Alidhani zitanishughulisha mwezi mmoja. Zilinishughulisha mpaka nikaota mvi.

Wilaya ile iko bara, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu kutoka Madras, ambayo siku hizi ni Chennai. Magharibi kuna milima ya Javadi, na ardhi yote inateremka polepole kuelekea mashariki, baharini. Katikati unapita mto Palar, maana yake kwa Kitamil ni mto wa maziwa. Kwenye ramani zangu mto huo umechorwa kwa nukta nukta kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na nukta maana yake ni mchanga. Karibu mwaka mzima hauna maziwa wala maji. Maji yako chini ya mchanga, na watu wa kule tangu zamani walichimba mifereji ndani ya mto mkavu ili wayafikie. Mvua kubwa za mwezi wa kumi na moja zikija, mto hukumbuka kazi yake, wakati mwingine kwa hasira. Kwa sababu hiyo kila kijiji kilijenga tuta refu la udongo la kuzuia maji ya mvua, yakawa ziwa. Nilihesabu maziwa hayo kwenye karatasi moja nikaacha, macho yaliuma.

Historia yake ni ya watu kugombania mahali pa kukaa. Palikuwa na Nawabu aliyetawala kutoka mji wa Arkoti, jeshi la Mysore likaja likachoma, Waingereza wakaja wakabaki. Mji wa Vellore una ngome ya mawe yenye handaki la maji pande zote, na humo askari wa Kihindi waliwahi kuwaasi maofisa wao, sababu mojawapo ikiwa kofia mpya waliyolazimishwa kuvaa. Mimi niliyewahi kulazimishwa kuvaa tai kazini niliwaelewa upesi. Kuna miji ya Waislamu watengeneza ngozi, Ambur na Vaniyambadi, na biriani ya Ambur sifa zake zilinifikia mpaka Bertrams nyumbani kwangu, ambako mke wangu aliipika kwa maelezo ya msomaji mmoja, halafu akasema ni pilau lililochanganyikiwa.

Wilaya yenyewe imegawanywa kila serikali ilipopata wino. Chittoor ilikatwa upande wa kaskazini, baadaye iliyobaki ikagawanywa mbili, na kipande kimoja kikagawanywa tena. Ukiitafuta Arkoti ya Kaskazini leo kwenye simu yako huioni. Iko kwenye droo zangu tu, na kwenye vyeti vya wazee.

Vyeti hivyo ndivyo vilivyotuletea wasomaji. Babu na bibi wa Wahindi wengi wa nchi hii walipakiwa meli Madras kuja kulima miwa Natal kwa mkataba. Kila mmoja aliandikwa kwenye orodha: namba, jina, jina la baba, umri, watoto alionao, wilaya, tarafa, kijiji. Makarani waliandika walivyosikia, na walisikia vibaya. Mjukuu anakuja na nakala ya orodha, jina la kijiji limeandikwa kama mtu aliyepiga chafya, anasema, "Nitafutie hapa." Nilipopata, watu wazima walilia kwenye kaunta yangu, ndipo nikajifunza kuweka leso za karatasi karibu na penseli.

Mapema kabisa nilikosea. Nilimwambia profesa mmoja kijiji fulani kiko kaskazini ya mto, kumbe nilishika karatasi juu chini. Niligundua jioni, nikamwambia Bi Pillay nitamweleza profesa kesho kutwa akija. Bi Pillay alivua miwani. "Bwana Hamisi, kosa la ramani linatembea. Kesho kutwa litakuwa limefika kwenye kitabu. Mpigie sasa hivi, hapa, mbele yangu." Nikapiga. Profesa alinitukana kwa adabu, kisha akanishukuru kwa adabu hiyohiyo. Bi Pillay alirudisha miwani akaendelea kuchonga penseli.

Yeye alistaafu, nikabaki mimi. Na katika mwaka wangu wa mwisho kazini, alikuja Mzee Perumal.

Alikuwa fundi cherehani mstaafu kutoka Lenasia, karibu miaka themanini, suruali imenyooshwa mpaka ukiigusa unajikata. Alikuja na vitu viwili. Cha kwanza, nakala ya orodha ya meli ya bibi yake, mama mzaa baba. Cha pili, chombo kidogo cha shaba ndani ya mfuko wa kitambaa alichoshona mwenyewe, ambacho alikiweka kwenye kiti cha pembeni kana kwamba ni mgeni.

"Huyu ni ndugu yangu, Dhanapal," alisema kwa Kiingereza, lugha tuliyotumia sote pale. "Majivu yake. Kabla hajafa alinishika mkono akasema nimpeleke kwenye maji ya kijiji cha bibi. Nikamwahidi. Baadaye nikakumbuka kwamba sijui kijiji cha bibi kiko wapi."

"Unasafiri lini?"

"Baada ya wiki tatu. Tiketi ninayo."

"Ulinunua tiketi kabla ya kujua unakwenda wapi?"

"Mimi fundi nguo," alisema. "Kwanza unakata kitambaa, la sivyo mteja hubadilisha mawazo. Na hapa mteja ni mimi."

Nilimpenda papo hapo. Tena nilifurahi kwamba angefika mwezi wa kumi na moja, maziwa ya vijiji yakiwa na maji. Angekwenda mwezi wa nne angemimina ndugu yake kwenye matope yaliyopasuka.

Orodha ilisema Arkoti ya Kaskazini, tarafa ya Polur, kijiji "Coopum". Hiyo ni Kuppam, na Kuppam maana yake ni kitongoji, sawa na kuandika kwamba mtu anatoka Mtaani. Nilikaa na glasi siku nne. Nilizipunguza Kuppam zote mpaka nikabaki na jozi moja iliyokaa sawa na tarafa, Melkuppam na Kilkuppam, na katikati yake jabali refu la mawe. Kwa Kitamil mel ni juu na pia magharibi, kil ni chini na pia mashariki, kwa kuwa nchi yao inateremka kuelekea jua linakotoka. Kijiji kimoja kilikuwa upande huu wa mlima, kingine upande ule, kama kilomita nne ukizunguka kwa barabara.

Nikampigia Mzee Perumal. "Bibi alisimulia chochote kuhusu nyumbani? Mlima, mto, shamba?"

Alifikiri sana. "Kulikuwa na mlima. Alisema kitu kuhusu jua na mlima. Jua lilichelewa, nafikiri. Ndiyo. Jua lilichelewa kutoka."

Mnaona raha yake? Jua likichelewa kutoka, mlima uko mashariki yako, basi wewe uko magharibi. Melkuppam. Nilirusha penseli hewani. Nilimchorea njia kutoka Chennai mpaka mlangoni mwa kijiji, nikamwandikia barua mkuu wa kijiji, nikapiga mhuri wa chumba cha ramani, mhuri ambao hauna nguvu yoyote kisheria lakini unapendeza.

Akaondoka. Baada ya siku nne saa nne asubuhi simu ya kaunta ikalia. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee kutoka Durban.

"Wewe ndiye Bwana Ramani? Mimi ni Saroja, dada mkubwa wa Perumal. Kaniachia namba hii. Simu yake hapokei. Amefika?"

Nikamwambia amefika, kanitumia picha, kavishwa mashada ya maua mpaka hayaonekani masikio. Akacheka. Kisha akauliza, "Ulikijuaje kijiji? Karatasi haisemi kitu."

Nikamweleza kwa kujivuna kidogo. Mlima, jua lililochelewa kutoka, upande wa magharibi.

"Nani alisema jua lilichelewa?"

"Mzee Perumal."

"Perumal!" alisema. "Perumal alikuwa anacheza mpira barabarani. Bibi alikuwa akisimulia jikoni, na jikoni nilikuwa mimi. Alisema jua lilikuwa likiwaacha mapema. Mama yake alikuwa akimkemea achambue mchele upesi, maana mlima unakula jua na mashamba ya mbele bado yanang'aa. Kuchelewa wapi? Yule mtoto hata shule alikuwa akisikia nusu."

Yule mtoto ana miaka karibu themanini. Mimi nilikaa chini. Jua likikuacha mapema, mlima uko magharibi yako. Wewe uko mashariki. Kilkuppam. Nilikuwa nimemtuma mtu upande usiokuwa wake, na jambo la jikoni nilimwuliza mtu ambaye hakuwahi kuingia jikoni.

Wewe Furaha ulikuwepo. Uliniambia, "Eish, Mzee, mwache tu. Ameshavishwa maua. Nani atajua?" Na nusu ya moyo wangu ilikubaliana na wewe. Lakini akilini nilimwona Bi Pillay akivua miwani. Nikampigia Mzee Perumal, mara ya tatu akapokea. Kule ilikuwa saa saba na nusu mchana, na nyuma yake nilisikia masufuria na watoto.

"Bwana Hamisi! Hawa watu wananiua kwa chakula. Mwenye nyumba anaitwa Kumaresan, kanilaza kitandani kwake, yeye kalala barazani. Anasema babu yao alilelewa na mama mdogo, mama yake mzazi alipanda meli. Kwa hiyo mimi ni wao. Kesho asubuhi tunampeleka Dhanapal ziwani."

"Mzee," nikasema, "nimekosea. Kijiji sicho hicho."

Nikamweleza. Wilaya nzima ile haina ukoo usio na mtu aliyepanda meli, kwa hiyo maneno ya Kumaresan hayakunishtua, nikayaweka pembeni. Nilimwambia kijiji cha bibi yake kiko upande wa pili wa mlima ule anaouona.

Nikasikia masufuria. Nikasikia mtu akimwuliza jambo.

"Uliwahi kumshonea mtu suti ya mtu mwingine?" alisema mwishowe.

"Mimi si fundi nguo, Mzee."

"Mimi niliwahi. Ilimkaa vizuri sana, ndiyo iliyonitia uchungu." Akakata simu.

Sikulala vizuri siku hiyo, na mke wangu akasema ni maharage.

Kesho yake jioni alipiga mwenyewe. Alikuwa amemwambia Kumaresan ukweli wote, kupitia kijana wa posta aliyejua Kiingereza. Alitegemea wachukie. Kumaresan alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu, "Basi tunaondoka saa ngapi?" Wakaondoka na bajaji mbili, watu kumi na mmoja, wakazunguka mlima. Kilkuppam hakuna aliyejua jina la bibi. Hapakuwa na maua wala nyumba ya ukoo. Walikuta mashamba ya karanga, tuta la udongo na ziwa lililojaa mpaka mizizi ya mitende. Bibi kizee mmoja aliwaambia waliopanda meli walikuwa wengi, hakuna aliyewahesabu, akarudi kumenya karanga zake.

Mzee Perumal alisubiri kwenye tuta. Alitaka kuhakikisha, alisema, kwa sababu mimi sasa haniamini. Saa kumi na moja kasorobo jua likaingia nyuma ya jabali, kivuli kikashuka ziwani, na mbele kule mashamba ya mpunga yakawa bado yanawaka. Akaingia majini mpaka magotini na suruali yake iliyonyooshwa, akafungua chombo cha shaba. Kumaresan, ambaye si ndugu yake, alimshika kiwiko asiteleze.

"Sasa safari hii umepatia," aliniambia. "Lakini barua yako yenye mhuri wameitundika ukutani Melkuppam, na hawataki kuishusha."

Aliporudi Johannesburg alinitania mwezi mzima. Alikuwa akipita Braamfontein na basi, anashuka kituo cha chuo, anapanda ghorofa tatu kwa makusudi ili aniulize choo kiko mashariki au magharibi. Kwa dada yake alisema kifupi tu kwamba alianza na kijiji kisicho chake akamalizia na chake. Sidhani alimwambia zaidi. Wazee wa namna ile huona aibu kusema walilia kwa watu baki.

Wiki yangu ya mwisho kazini alimleta dada yake. Alikuwa kaja kutoka Durban kwa harusi, akasema haondoki Johannesburg bila kumwona mtu aliyempoteza njia ndugu yake. Bi Saroja ana miaka themanini na sita, mdogo wa umbo, na anatembea kama anayekwenda kufukuza mbuzi shambani. Perumal anamwita Akka, yaani dada mkubwa, na mbele yake mzee yule anakuwa mtoto wa darasa la tatu.

"Ndiye huyu?" aliuliza.

"Ndiye, Akka."

"Anaonekana mtu wa maana," alisema, kwa mshangao ambao haukunifurahisha.

Nikawatolea karatasi, nikaweka vifuko vya mchanga. Alisema hajui kusoma ramani, nimwonyeshe bahari alikopandia bibi. Nikamwonyesha Madras. Akauliza alifikaje pale. Nikachukua uzi, nikaulaza kutoka Kilkuppam kupitia Arni, nikavuka mchanga wa Palar karibu na mji wa Arkoti, nikaendelea Kanchipuram mpaka baharini. Yeye alikuwa akifuata kwa kidole nyuma ya uzi wangu, polepole, kama mtu anayefuata mwenzake njiani.

"Siku ngapi?"

"Kwa miguu, siku saba au nane. Akiwa na mtoto, kumi."

"Mtoto hakwenda naye," alisema Bi Saroja.

Perumal aligeuka. "Mtoto gani?"

"Wa kwanza. Wa kiume. Alikuwa ndio anaanza kutembea."

"Akka, karatasi inasema bibi hakuwa na mtoto."

"Karatasi ilimwuliza nani? Alisema ukitaja mtoto wanakuuliza baba yake yuko wapi, na baba yake alikuwa amekufa kwa homa. Alimwacha kwa mdogo wake. Alisema atarudi mkataba ukiisha. Mwaka ule aliokufa ndio aliniambia. Tulikuwa tunachambua dengu."

"Kwa nini hukusema miaka yote hii?"

"Mliniuliza?"

Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya uzi. Nikauliza, "Bi Saroja, huyo mdogo wake alikuwa akiishi wapi?"

"Aliolewa. Si mbali. Bibi alisema siku ile alimbeba mtoto mgongoni akazunguka naye mlima, akamkabidhi, akarudi peke yake." Aliinamia karatasi, akaweka kidole juu ya Kilkuppam, kisha akakizungusha taratibu kufuata mguu wa jabali mpaka upande wa magharibi. Kidole kikasimama. "Hapa pameandikwa nini?"

"Melkuppam," nikamsomea. Perumal alikuwa anavua miwani, anaivaa, anavua tena. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Babu yao alilelewa na mama mdogo. Kumaresan aliniambia, Akka. Siku ya kwanza kabisa. Nikadhani ni ukarimu."

Akatoa simu. Wewe Furaha ndiwe uliyembonyezea namba ya Kumaresan. Iliita mara mbili, mwanamume akapokea, nikasikia furaha ya mtu anayemtambua mtu. Perumal akafungua mdomo, Kitamil chake cha kuombea maji na chumvi kikagoma. Akampa dada yake.

Bi Saroja alizungumza kwa lugha ya jikoni kwa bibi yake, iliyokaa miaka zaidi ya mia Natal bila kupigwa jua la nyumbani. Alisimama wima, mkono mmoja juu ya karatasi. Alisema, akasikiliza, akasema tena kidogo. Kule upande wa pili sauti nyingi zikaingia kwa pamoja, za wanawake, za wazee, mtu akiitwa kutoka mbali. Nilisogeza leso za karatasi. Hakuzichukua. Nilizichukua mimi.

"Wanasema nini, Akka?" aliuliza Perumal. "Wanasema nini?"

Alifunika simu kwa kiganja.

"Wanasema walishakwambia," alisema. "Na wanauliza kama umekula."